Sufuria ya Esperance

Tangu siku Esperance alipokataa kuku, moyo wa Tabisa haukutulia. Na kuku mwenyewe hakuwa wa sokoni. Alikuwa jogoo mwekundu aliyekulia hapo hapo Bwera, akachinjwa kwa heshima ya msichana ambaye Sunday, mjukuu wake, alitaka kumwoa. Msichana alikaa mkekani, akashukuru vizuri, akala bundu, ule ugali wetu wa muhogo, kwa majani matupu. Nyama hakugusa. Kesho yake Sunday akaeleza kwamba mchumba wake hali nyama, samaki hali, yai hali, hata maziwa hanywi. Sababu, alisema, ni kati yake na Mungu.

Tabisa aliguna. Wakatoliki kama msichana huyu anawajua, ameishi nao jirani nusu ya maisha yake. Wanafunga Kwaresima, halafu Pasaka wanakula mbuzi mpaka masikio. Huyu wa kufunga mwaka mzima alitoka wapi?

Lakini kilichomchoma hasa kilikuwa kingine. Miaka kumi na minane nyuma, Nzanzu, mchuuzi wa chumvi kutoka Kabatoro, alikunywa tonto, ile pombe ya ndizi, kwa Tabisa, na asubuhi akakutwa amekufa kitandani kwake mwenyewe. Daktari alisema ini. Watu walisema Tabisa. Tangu hapo hakupakua chakula bila kuonja kwanza mbele ya mgeni, anatafuna polepole akimkazia macho. Na bado wapo waliopita mlangoni pake wakisema wameshiba. Mtu akikataa kuku wako, amekataa mkono wako. Na mke wa mjukuu akiogopa mkono wako, Bwera yote itasema: mnaona, hata wa nyumbani anajua.

Mara ya pili Esperance alikuja na sufuria yake ndogo, imefungwa kwenye kitenge. Akapikia humo maharage yake, akaiosha, akaiacha imefunikwa kwenye kona ya jiko. Gorret wa jirani aliiona sufuria ile. Aliinua nyusi tu. Afadhali angesema.

Basi Sunday akaleta habari kwamba Jumamosi alasiri watakuja kutazama sinema. Alikuwa amenunua televisheni ya sola, na kwenye flashi aliweka ile sinema ya vita ya Wachina ambayo mtafsiri wake anapiga kelele zaidi kwa Kiganda kuliko wanaopigana. Tabisa alizipenda hizo kupita kiasi, ingawa kanisani hakusema. Akajibu kwamba safari hii atapika yeye, chakula kisicho na damu, na mtu asilete sufuria.

Ijumaa alitwanga sombe, majani ya muhogo. Jumamosi akaipika kwa mafuta ya mawese, akachemsha ndizi, akasonga bundu likawa laini kama shavu la mtoto. Likabaki jambo la karanga. Alikaanga karanga, akazitia kwenye kinu, akasimama na mchi mkononi akiutazama mlango. Kisha akafungua mkebe, akachukua konzi la mukene, wale dagaa wakavu, akawatwanga humo humo mpaka hata yeye asingewaona. Aliwaza hivi: nikionja kwanza, naye akila akasikia ladha ya samaki akanyamaza, basi hiyo nadhiri yake ni uongo, alikuwa anauogopa mkono wangu tu. Na mimi nitamwambia mbele ya Sunday, na harusi haitakuwa.

Wakaja. Madirisha yakafungwa, mtafsiri akaanza kelele zake. Tabisa akaweka sahani mbele ya Esperance, mchuzi wa karanga umejaa, unatoa moshi. Akamega tonge ili aonje, kama kawaida yake, macho yametulia kwenye uso wa msichana.

Esperance akaushika mkono wake.

"Mukaka, musionje," alisema, akimwita bibi kama Sunday anavyomwita. "Najua vile batu banasemaka juu yenu. Mimi niko mutu wa hapa sasa. Nitakula bila kuonjewa."

Na akanyoosha mkono kwenye mchuzi.

Tabisa aliinyakua sahani ile kwa nguvu mpaka mchuzi ukamwagika kwenye vidole vyake.

"Ina mchanga," alisema. "Karanga za siku hizi ni mchanga mtupu. Ngojeni."

Sunday akasema mukaka, sinema ndiyo imeanza. Tabisa alikuwa amekwisha kutoka. Mbwa alipata mchuzi wote. Kinu kilinuka samaki, kwa hiyo akatoa jiwe la kusagia la mama yake, akapiga magoti kwa magoti yake mabovu, akaanza kusaga karanga upya. Ndani mtafsiri alikuwa akipiga kelele kwamba sasa mzee anakuja kulipiza kisasi, na mzee huyo Tabisa hakumwona.

Esperance alimkuta hapo. Alikitazama kinu, akatazama magamba madogo yanayong'aa kwenye ukingo.

"Mulitia samaki?"

"Nilitia."

"Juu ya nini?"

"Nilifikiri unaogopa mkono wangu. Sasa nenda ukamwambie Sunday, mimi siombi mtu radhi nikiwa nimepiga magoti."

Esperance hakwenda. Alijikunja upande wa pili wa jiwe, akavuta karanga karibu. Huku akisaga alieleza kidogo kidogo. Kaka yake, Kasereka, alibaki nyuma siku walipokimbia kijiji chao karibu na Beni. Mama yao aliapa, na yeye akaapa naye, kwamba hakuna kitu cha mnyama kitakachopita midomoni mwao mpaka arudi. Mama alikufa mwaka juzi. Sasa anayengoja ni yeye peke yake, na hakupenda kukitaja kiapo kwa watu, wasije wakamwambia aache.

Tabisa hakumwambia aache. Aliifunua ile sufuria ndogo isiyowahi kupikiwa nyama, akaitazama ndani kwa tabia yake ya kushuku, kisha akatia karanga humo na maji.

Wakati wa kupakua, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mwiko ili aonje. Akaurudisha. Mchuzi ule, kwa kuwa haukuonjwa, ukawa na chumvi kidogo kuliko haki yake, na Esperance akainuka, akaenda kuileta chumvi bila kuuliza ilipo.