Pampu ya Kaka Lyle

Pale Corella, juu mlimani, ukitaka pampu ya kulinda nyumba yako na moto wa msituni, ulikwenda kwanza kwa Glenys Tregear akuseme kidogo. Mama wa miaka sitini na sita, grisi hadi viwikoni, na mtu aliyekariri tangazo la duka alimpandisha hasira mara moja.

"Umenunua ya umeme?" angemwuliza mteja. "Hongera. Moto ukija, nguzo za umeme ndizo zinatangulia kuanguka. Sasa paa utalimwagia machozi?"

Wapo waliomwita akague pampu ya petroli iliyojengewa kibanda cha matofali, kimezibwa kila upande ili cheche zisipenye. Alikuwa akichungulia ndani, anaguna. "Injini nayo inavuta hewa, baba. Hapa umeijengea kaburi." Petroli iliyolala tangu mwaka jana aliinusa tu, akaimwaga. Na alirudia kila siku kwamba joto likizidi, petroli huchemka ndani ya kabureta na injini ikakuzimikia mkononi, kwa hiyo mwenye uwezo achukue dizeli. Watu walinung'unika, lakini walimsikiliza, maana kazi yake ilikuwa safi.

Asiyemsikiliza alikuwa mmoja tu, naye walitoka tumbo moja.

Lyle, kaka yake, alikuwa na miaka sabini na mitano. Aliishi na mbwa wake kwenye nyumba ya mbao aliyoijenga kwa mikono yake, mwisho kabisa wa barabara, mikaratusi imeizunguka pande tatu. Kila kiangazi wimbo wake ulikuwa huohuo: moto ukija, mimi siondoki, nina pampu. Na pampu yenyewe ilikuwa ya petroli, ya kuwashwa kwa kuvuta kamba, ilhali bega lake la kulia lilishakwisha kazi. Siri hiyo alikuwa nayo yeye na daktari wake. Glenys alishuku tu, na shaka hiyo ilimnyima usingizi.

Jumapili ya kwanza ya Novemba barabara nzima hujaribu pampu. Watu huenda nyumba kwa nyumba, soseji ndani ya mkate mkononi, bia kwenye ndoo ya barafu. Kamba unavuta mara tatu, si zaidi, na kila kinyunyizio juu ya paa kitoe maji. Ukishindwa, bia za mwaka unaofuata utanunua wewe. Mwamuzi ni Glenys.

Walipofika kwa Lyle, Glenys aliinama kukagua mafuta kama alivyofanya kwa wengine, na mkono wake ukapita karibu na eksozi, lile bomba la moshi. Ilikuwa ya moto! Lyle alikuwa ameshaiwasha pampu kabla wageni hawajafika, pengine kwa kuhangaika nusu saa nzima, halafu akaizima na kukaa barazani kama hajui kitu. Injini iliyokwisha kupashwa moto hata mtoto anaiwasha. Ujinga huo utaukuta kwa watu wa Corella tu: mtu anaogopa kuchekwa na majirani kuliko anavyoogopa moto.

"Tunywe chai kwanza," Glenys akasema. "Nusu saa."

"Chai ya nini, na bia zipo?" akauliza jirani yao, Dimitra Kalogeras.

"Chai, Dimitra."

Lyle alimkata dada yake jicho. Wangekuwa watoto, ngumi ingefuata. Nusu saa ilipopita, alishika kamba, akavuta. Kimya. Akavuta tena, na tena, mara tisa, uso umemwiva, na pampu haikukohoa hata kidogo. Hakuna aliyecheka. Dimitra, ambaye hucheka hata msibani, alikuwa anaitazama soseji yake.

"Umeniumbua," Lyle alimwambia baadaye, wamebaki wawili jikoni. "Mbele za watu! Dada yangu wa damu!"

"Ndiyo, nimekuumbua. Ulitaka moto ndio ukuumbue?"

"Basi nifungie ya kubonyeza. Ya kuwashwa na betri."

Hapo Glenys akashikwa pabaya. Akimfungia pampu nzuri, Lyle atabaki nyumbani siku ya moto. Asipomfungia, atabaki vilevile, na kamba asiyoweza kuivuta. Aliogopa kumzika kaka yake, na aliamua kumwambia hivyo hivyo.

"Lyle, sitaki kukuzika. Nitakufungia ya dizeli, ya kubonyeza, yenye tangi la kufanya kazi kwa muda wa saa nane bila mtu. Lakini wakitangaza hatari ya juu kabisa, unaibonyeza asubuhi, unaingia kwenye gari langu."

"Na nani ataiangalia?"

"Nitaifunga mimi, ya kuangaliwa nini? Au huniamini?"

Lyle aliinama, akamkuna mbwa masikio. "Nakuamini," akasema, kama mtu anayeng'olewa jino.

Siku yenyewe ilikuja Januari. Tangazo lilitoka jioni, na kesho yake saa mbili asubuhi Glenys alikuwa mlangoni. Alimkuta Lyle barazani, kofia kichwani, mbwa kwenye kamba, amenuna. Nyuma ya nyumba pampu ilikuwa inanguruma na paa lote linachuruzika maji.

"Umechelewa," Lyle akamwambia.

Moto ulipanda mlimani mchana ule. Barabara ilifunguliwa siku ya tatu, wakaenda pamoja. Nyumba ya Lyle ilikuwa imebaki dohani na mabati yaliyojikunja, basi. Lakini pampu ilikuwa nzima. Tangi la dizeli lilikuwa tupu, maana yake ilizunguka mpaka tone la mwisho. Glenys akaanza kulifuata bomba kwa macho, na hatua ya pili tu akaona. Siku ya kuifunga, kati ya pampu na bomba la chuma alikuwa ameweka kipande cha plastiki, urefu wa mkono, kwa sababu kiungo cha shaba kilichelewa. Alikusudia kukibadilisha wiki ileile. Wateja wakawa wengi, Krismasi ikaingia, akasahau. Kipande kile kilikuwa kimeyeyuka chote. Maji ya paa yalimwagika palepale chini, na pembeni ya pampu palikuwa na majani mabichi, ya kijani, mahali pekee ambapo hapakuungua.

Angeweza kunyamaza, kwani Lyle alikuwa anapekua majivu upande wa pili.

"Lyle, njoo uone. Ni mimi. Hii plastiki niliiweka mimi, nikaisahau. Nyumba yako nimeiunguza mimi."

Lyle alikuja, akayatazama yale majani mabichi, kisha akageuka kutazama mahali palipokuwa na baraza.

"Ningebaki, ningekuwa nimesimama pale," akasema. "Nasubiri maji. Nisingekimbia, kwa sababu umeifunga wewe."

Glenys akaangua kilio, kilio cha sauti, palepale kwenye majivu. Lyle akamwekea mkono begani, ule ule mbovu, akauacha hapo.

"Twende nyumbani, mdogo wangu," akasema. "Kwako. Mimi sina kwingine."