Patasi Zangu na Mafuta ya Papa

Jamani, haya yangu nimeyaficha sana, kwa sababu hapa Amu aibu ikikupata asubuhi, adhuhuri imeshafika Shela kwa miguu, lakini leo acheni niyatoe mwenyewe.

Mimi ni seremala, na karakana yangu iko karibu na maji, mahali ambapo patasi ukiilaza safi leo, kesho inaamka nyekundu kwa kutu. Dawa yake naijua: uipanguse chumvi, uipake mafuta ya cherehani, uifunge kwa kitambaa kikavu. Sasa wiki hiyo mafuta yaliniishia, na mimi kwa uvivu (duka lenyewe naliona nikiwa mlangoni) nikachukua sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka mashua, nikazipaka patasi zote, na randa, na msumeno. Kutu haikugusa kitu, nikajiona mjanja. Kumbe pua yangu ilishazoea!

Siku ya tatu nikaitwa kwa Bi Zuhura, aliyekuwa anamwoza binti yake. Mguu wa kitanda cha bibi harusi ulikuwa unacheza, na wageni walikuwa waje baada ya Alasiri kuangalia chumba. Nikafungua kikapu cha vyombo vyangu, nikaanza kuchonga. Haukupita muda Bi Zuhura akasimama mlangoni, pua kaikunja.

"Fundi, husikii uvundo?"

Nilijua papo hapo. Nikasema, "Labda ni upepo, Bi, watoka huko kwa wavuvi."

Wanawake wa nyumba wakafunga madirisha. Joto likapanda, jasho likanitoka, sifa ikanienea mikononi, wakaleta chetezo cha udi, na udi ukichanganyika na papa (msiombe!) ni bora papa peke yake, wakapekua chini ya godoro, wakapekua kabatini, mpaka lawama zikamfikia Bi Rukia, mpishi, mama mtu mzima, kwamba amepita humo na mikono ya samaki.

"Wallahi tangu jana sijagusa samaki, napika mbuzi tu!"

Bado wakamnusa mikono mbele ya watu, na mimi nimeinama nagonga mguu wa kitanda uliokwisha kukaa sawa zamani. Walipomwambia asiguse masinia ya wageni, nikashindwa kunyamaza.

"Bi Zuhura, si yeye. Ni patasi zangu. Nimezipaka sifa."

Akainusa moja, akaruka nyuma kama aliyeumwa na nge. "Toa zombo zako hizi, weka ndiani!" Nikavitoa vyombo vyote nje njiani.

Wanawake wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, chumba kikaoshwa kwa ndimu na sabuni, na wageni wakazuiliwa ukumbini kwa kahawa, kikombe juu ya kikombe. Bi Rukia peke yake hakucheka.

Kesho yake nikaenda kumwomba radhi. "Nimekusamehe," akasema, "lakini ulinitazama nikinuswa."

Siku hizi mafuta ya cherehani hayanikaukii, na nikiwa katika nyumba ya watu, mtu akiuliza tu harufu hii ni ya nini, nawahi kusema ni mimi, hata kama ni kitunguu kinaungua jikoni.