Kila Kitu Kiko Huko

Mkurugenzi wa mifumo ya kompyuta pale wizarani ana vidole laini kama vya mtoto mchanga, na kutwa kazi yake ni kusugua kioo cha simu kwa ncha ya tai. Ukimuuliza faili lolote, ananyoosha kidole darini: “Kila kitu kiko huko.” Huko ni kwa kampuni ya ng'ambo, inayohifadhi nyaraka zote za wizara tangu mkurugenzi huyo achome za karatasi, huku akimcheka katibu muhtasi wake aliyenuna. Basi juzi wakubwa wa ng'ambo walikorofishana na serikali yetu, na asubuhi yake kampuni ikaifungia wizara nzima isifikie nyaraka zake. Miongoni mwa nyaraka hizo imo hotuba ambayo mkurugenzi alitakiwa kuisoma saa nne asubuhi hiyo hiyo, kuhusu kujitegemea kiteknolojia.

“Mama, hukubakiza nakala?” akamuuliza katibu.

“Karatasi si ulipiga marufuku, mkuu?”

Akaomba kalamu. Katibu akadhani anaiandika upya hotuba. Kumbe ni barua kwa kampuni, ya kuomba radhi, na kosa lenyewe halijui. Akaipuliza wino ukauke, akamkabidhi kwa mikono miwili.

“Ipige picha, watumie kwa barua pepe. Haraka!”

Katibu akanyoosha kidole darini.

“Barua pepe nayo iko huko, mkuu.”