Mama Brashi na Alama Nyekundu

Mama Brashi alikuwa fundi rangi, na alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona ukuta uliopakwa ovyo akanyamaza. Ndiyo maana jioni aliyorudi kutoka kazini akakuta X nyekundu kwenye ukuta wa nyumba yake, imechuruzika hadi kwenye msingi, hakujiuliza maana yake. Alishika msasa, akaikwangua, akapiga rangi ya krimu, mkono wa kwanza na wa pili.

Mama yake, aliyeishi chumba cha juu, alichungulia dirishani.

"Mwanangu, hiyo ni ya manispaa! Wamesema ghorofa inavunjwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikia wapi, na msasa wako?"

Chumba kile Mama Brashi alikijenga kwa jasho lake ili mama yake asihangaike kwenye vyumba vya kupanga. Ngazi ya nje haikuwa na kingo za kushikilia. Hilo alilijua, kila mwezi alisema mwezi ujao.

Asubuhi mkaguzi wa majengo alifika na vijana wenye nyundo. Alipoona ukuta unang'aa, alipandwa na hasira.

"Umefuta alama ya serikali! Basi tunavunja leo leo."

"Kaka, kosa la nyumba ni nini?"

"Utalijua ikishaanguka."

Mama Brashi alifunga mlango, akakaa chini kizingitini, akampigia simu wakili wa msaada wa sheria.

"Usibanduke," wakili alimwambia. "Waulize amri ya mahakama iko wapi."

Hawakuwa nayo. Mkaguzi alifoka mpaka sauti ikamkauka, lakini kijana mmoja aliweka nyundo chini. "Bosi, mimi simvunjii mtu nyumba akiwa amekaa mlangoni."

Wakaondoka, na wakili akakimbilia mahakamani siku hiyohiyo.

Huko mkaguzi hakuwa na hoja nyingine ila ile X. Mama Brashi hakukana.

"Niliifuta, mheshimiwa. Ilikuwa inachuruzika."

Hakimu aliinamisha uso kuficha cheko. Wakili akasimama: katiba inalinda mali ya mtu, akasema, na haibomolewi kabla mwenyewe hajasikilizwa. Hakimu akamgeukia mkaguzi.

"Huyu mama mlimsikiliza lini?"

"Tulipiga honi, mheshimiwa."

Watu waliangua kicheko hata askari wa mlangoni akasahau kuwanyamazisha. Hakimu aliamuru nyumba isiguswe. Mwenye nyumba apewe sababu kwa maandishi, muda wa kurekebisha na nafasi ya kujitetea. Na asiingie mtu bila ridhaa yake au amri ya mahakama.

"Ila ngazi yako ni ya hatari," akaongeza, akitazama picha ya nyumba aliyoleta wakili. "Weka kingo."

"Nitaweka, mheshimiwa. Sikukataa. Hakuna aliyeniuliza."

Mkaguzi aliporudi, kingo za chuma zilikuwa tayari. Safari hii alisimama nje ya mlango, kofia mkononi, akabisha.

"Mwache aive kidogo na jua!" mama alipaza sauti kutoka juu.

"Karibu, kaka," Mama Brashi akamfungulia.

Mkaguzi alipanda, akashika kingo, akazitikisa kwa nguvu zake zote. Hazikucheza.

"Iko sawa," akanong'ona.

"Sema kwa sauti, bibi wa juu asikie."

Akainua uso juu. "Ghorofa inabaki!"

Kigelegele cha mama kilimkuta bado yuko katikati ya ngazi, na majirani wakakipokea nyumba hadi nyumba.