Beseni la Bibi Lilipopanda Basi

Enzi zetu (na mnaocheka kwamba mtu wa kidato cha tatu ana enzi gani, chekeni mmalize) Kiingereza kilikuwa hakisemwi, kilikuwa kinaimbwa. Mwalimu akiingia tunasimama wote kama tumevutwa kwa kamba moja, tunaimba salamu, tunaimba kwamba hatujambo, tunashukuru na kukaa kabla hajafungua mdomo. Lakini ukimkuta mmoja wetu peke yake njiani ukamsalimia kwa Kiingereza hichohicho, anaingia porini.

Nyinyi mliosoma shule za kando ya barabara ya Segera mnanielewa. Asubuhi fagio la chelewa mkono huu, kidumu cha maji mkono ule, umande mpaka magotini. Kengele ni rimu ya lori inayogongwa kwa nondo. Uji wa saa nne unanuka moshi na bado tunagombea ukoko. Halafu rede, kukwepa mpira mpaka sketi za bluu zinakuwa rangi ya udongo. Rede nilikuwa moto, maana haihitaji maongezi. Darasani ndiyo nilikuwa sina mdomo kabisa. Shabani, niliyekaa naye dawati moja, alikuwa akinambia, "We Mwajuma, siku ukijibu swali nachinja jogoo wa baba."

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa Madam Neema. Jumamosi nyingine alikuwa anakwenda Korogwe mjini, ambako walimu wa Kiingereza wa shule mbalimbali walikutana, kila mmoja aeleze kitu alichojaribu darasani, kilivyokwenda au kilivyomwaibisha, na wenzake wamshauri. Jumatatu anarudi na mfuko wa maboksi matupu ya sabuni na vifuniko vya soda. Shabani akatangaza kwamba Madam kaanza kuokota makopo.

Siku moja akafunga kitabu, akauliza, "Basi likisimama Segera, kunatokea nini?"

Darasa lililipuka. Kila mtu alikuwa na shangazi anayeuza mahindi, au kaka anayekimbilia madirisha na machungwa. Madam akasema haya, tulifanye. Tukapanga madawati safu mbili, Shabani akawa dereva na usukani wake ni mfuniko wa sufuria la uji. Wauzaji tukatolewa nje, chini ya madirisha. Msingi wa lile darasa ulikuwa juu, kwa hiyo aliye ndani anaona mikono na bidhaa tu. Bidhaa ni yale maboksi ya sabuni, pesa ni vifuniko vya soda, na biashara yote kwa Kiingereza. Sijawahi kuona watoto wanaomba kipindi kisiishe.

Mimi niliuza kwa kunyanyua beseni. Abiria wanachukua, nalishusha. Neno halikunitoka hata moja.

Kisha tukaambiwa wale walimu wa Jumamosi wanakuja kutazama somo. Mwalimu Mkuu, ambaye kwake darasa zuri ni lile unalosikia nzi anaruka, alimwambia Madam mlangoni na sisi tunasikia: "Wageni wakikuta mambo hayaeleweki, hilo basi lako nalifunga. Tunarudi ubaoni."

Tulikosa raha. Kurudi ubaoni! Kila mtu akaenda kujipanga. Mimi nikamwomba Bibi machungwa ya kweli, na beseni lake la maua, lile linalotoka siku za harusi tu. Alilifuta kwa kanga, akanipa huku kalishikilia bado. "Likirudi na ufa, wewe usirudi." Akaongeza na ya Kizigua, hayo siyaandiki.

Siku yenyewe wageni waliketi ndani kama abiria, magoti yamewafika kidevuni. Mimi chini ya dirisha. Maneno niliyokariri wiki nzima yaliniruka yote. Nikanyanyua beseni. Mwalimu mmoja mnene akauliza kwa Kiingereza, kwa upole, bei gani. Nikalinyanyua zaidi. Akauliza tena. Kimya. Nikasikia Mwalimu Mkuu anakohoa kile kikohozi chake.

Yule mgeni, kama abiria yeyote wa Segera anayetaka kuchagua vizuri, akalivuta beseni lote likaingia ndani. Na Shabani, kuona kimya kimezidi, akaona bora aokoe jahazi. Akapiga honi. "Piiip!" Darasa zima likanguruma, abiria wakayumba, basi likaondoka.

Sasa muuzaji ambaye mali yake imeondoka na basi anafanyaje? Anakimbia. Nilikimbia kando ya ukuta mpaka dirisha la mwisho, naruka nionekane, napiga kelele: "Stop! Stop the bus! My basin! My grandmother, she will beat me! Driver, please, my basin!"

Basi likanyamaza. Shabani akasimama na mfuniko wake. "Jamani, Mwajuma kaongea!"

"Kiingereza, dereva!" Madam akamkumbusha.

Shabani akawaza, akawaza, akapiga breki.

Mwalimu Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Mgeni mnene akamuuliza Madam mbinu hii ya kukimbiza beseni aliipanga vipi. Madam hakujisifu. Alisema hakuipanga, ila kuanzia leo mtoto mwenye aibu atamtafutia kwanza pa kujificha, halafu ndiyo amtafutie la kusema. Wenzake wakaandika. Mwalimu Mkuu akasema basi liendelee, lisipite tu karibu na ofisi yake.

Beseni lilirudi bila ufa, na bila chungwa. Nilimsimulia Bibi nikiigiza kila kitu, na tangu hapo kile kilio cha "my basin" ndicho Kiingereza chake chote. Jogoo je? Shabani anasema alikufa kwa uzee.

Siku hizi niko sekondari Korogwe. Kiingereza kimeandikwa mpaka kwenye kuta. Mwalimu akiuliza nani ana swali, vichwa vyote vinainama, changu kinatangulia. Silabasi ina haraka, hakuna wa kupanga madawati. Dirisha lipo, ila dawati langu liko upande wa ndani.

Mdogo wangu Idi yuko darasa la tano kwa Madam Neema. Hawa watoto wa sasa umande hawaujui, wanapelekwa na bodaboda, na Kiingereza wanakisemea puani kwa sababu ya katuni za kwenye simu ya mama. Likizo iliyopita akaamua kunifundisha. "Dada, sema: Stop the bus! My basin!"

Nikasema. Akatikisa kichwa.

"Siyo hivyo. Madam anasema upige kelele kama limeondoka kweli."

Hajui beseni hilo lilikuwa la nani, na sikumwambia. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikasimama chini ya dirisha la jiko pasipo mtu wa kuniona, nikaita kwa nguvu zangu zote kama zamani.

Sufuria likaanguka ndani. Halafu sauti ya Bibi: "Mwajuma! Limekwenda wapi tena?"