Jani Lisilo na Jina

Enzi zetu sisi tuliokulia Muheza, mboga ilipewa jina kabla ya kutiwa chumvi. Tukitoka shule, mama alitutuma bondeni na kikapu, na hakuna aliyetuonyesha picha. Mchunga tuliujua kwa maziwa yake yanayonata vidoleni, mnavu kwa vitunda vyeusi vilivyotupaka midomo, mlenda kwa utelezi. Jioni mama alikaa juu ya mbuzi ya nazi, akainua jani mojamoja mbele ya moto.

"Hili nani?"

"Mchunga, mama."

"Na hili?"

Ukinyamaza, jani lilitupiwa kuku. "Jani lisilo na jina haliingii chunguni mwangu," alisema, na ndugu zangu wakaangua kicheko: "Leo utatowelea moshi!"

Moja lilinishinda: nene, laini, lenye maua madogo ya waridi, lililoota pale maji ya kuogea yalipomwagika. Kila mama aliponigeukia nalo, dada yangu Mwanaidi aliyeketi nyuma yangu alininong'oneza jina lake. Nikajibu kwa sauti kubwa, nikasifiwa, nikala. Ndiyo maana sikulishika hata siku moja. Mwanaidi sasa ni marehemu, na jina ameondoka nalo.

Leo niko Irving, Texas, ndege za abiria zinatupitia juu ya paa, na wajukuu zangu wanakula majani ya dukani, ya kwenye mfuko wa plastiki, yaliyooshwa na watu wasiowajua. Unakula nini? Saladi. Saladi ya nini? Saladi tu, Babu! hunijibu kwa Kiingereza. Ya Rabi, mbuzi wa Muheza alikuwa na uchaguzi kuliko hawa. Lakini nikiwakaripia, najikaripia mwenyewe. Mimi ndiye niliyempiga marufuku mama yao, binti yangu, kusema Kiswahili humu ndani, nikidhani lugha mbili zitamchanganya shuleni. Nilikuwa na kidato cha nne changu, nikajiona nimemaliza elimu.

Jirani yetu ni bibi wa Suriname, nchi ya joto na misitu kule Amerika ya Kusini. Wajukuu zake wanamwita Oma. Kibarazani kwake amepanga ndoo kuukuu za rangi, na ndani yake kapanda majani ya kwao. Watoto hao wamezaliwa Texas kama wangu, lakini huwafokea kwa Kisranan, lugha waliyoiunda wahenga wao utumwani kwenye mashamba ya miwa, nao humjibu kwa hiyohiyo, tena kwa ubishi! Akitaka bitawiri, jani lao chungu, wanachuma bitawiri, hawakosei. Nikawaonea wivu.

Juzi, katika ndoo ya mwisho, nikaliona. Jani nene. Maua ya waridi.

"Hilo asili yake kwetu," Oma akaniambia. "Tunaliita posren. Nyinyi mnaliitaje?"

Nikafungua mdomo. Hakuna aliyeninong'oneza.

Akanichumia fungu zima. Mjukuu wangu Zuhura akalipiga picha. "Simu imetoa majina manne, Babu. Chagua moja." Nikamwambia jina halichaguliwi kama viatu. Nikapiga simu Muheza, kwa watoto wa Mwanaidi, angalau wao watakuwa wanalijua. Wakacheka: "Mjomba, siku hizi tunanunua kabichi!" Nikakata simu kwa hasira, kana kwamba wao ndio waliosahau.

Maji niliyobandika jikoni yakachemka, na fungu likaanza kunyauka mkononi mwangu. Kulitupa sikuweza. Kulipika bila jina sikuthubutu, mama hayupo lakini macho yake yapo. Nikainua jani moja mbele ya Zuhura.

"Hili nani?"

Akanishangaa. "Posren, Babu. Si Oma kakwambia?"

Zamani tulikuwa watoto saba kuzunguka moto mmoja, na kila jani liliitwa kwa jina la nyumbani. Leo nina jiko la umeme, mjukuu mmoja kando yangu, na jina la kuazima kwa jirani. Nikafunua sufuria, nikalitia.