Siku Tisa za Kumsomea Baba Sifa za Uongo

Kwa siku tisa nilimsomea baba yangu sifa ambazo hakuna binadamu aliyeziandika.

Nilikaa mbele yake, gazeti mkononi, uso mkavu, nikatunga. Siku ya kumi nikaumbuka mbele ya wateja sita.

Kaa vizuri nikusimulie.

Mdogo wangu wa kiume anatengeneza filamu. Safari hii alitoa ya michezo, ya kuchekesha na kutia moyo. Timu ya netiboli ya wasichana wa kanisani, kocha mcha Mungu, na binti wa miaka kumi na tano anayeumia goti fainali ikiwa kesho. Kocha anamwombea. Binti anaruka, anafunga, kombe hilo! Ukumbi unacheka na kulia kwa mpigo.

Kocha ni baba. Binti ni mimi.

Baba ameitoa hadithi hiyo kanisani kama ushuhuda kwa miaka ishirini na mitano. Mdogo wangu amekua akiisikia. Wakati inatokea alikuwa bado ananyonya, kwa hiyo yeye simlaumu.

Wachambuzi sasa. Weee! Hawakumwonea haya. Mmoja aliandika, "Mahubiri yaliyovaa raba." Mwingine, "Nilicheka mara mbili, zote kwa bahati mbaya."

Mdogo wangu akanipigia analia.

"Dada, wananimaliza. Baba asijue, nakuomba. Na moyo wenyewe ule."

Baba alikuwa ametoka kupasuliwa moyo, na macho yana mtoto wa jicho, herufi hazioni kabisa. Kila asubuhi kabla ya kufungua saluni nampitia. Chai, dawa, magazeti.

"Haya mama, wamesemaje leo?"

Mahubiri yaliyovaa raba yakawa "filamu inayohubiri bila kuchosha." Aliyecheka kwa bahati mbaya nikamchekesha mpaka mbavu zikamuuma. Nilikuwa fundi, usiniulize.

Ila baba hakutabasamu hata siku moja. Kila nikikunja gazeti, swali ni lile lile.

"Kuhusu goti hawajasema kitu?"

"Wamelisifu, baba. Wanasema pale ndipo walipolia."

"Ahaa."

Halafu anageuzia uso dirishani. Nikajua ana hofu ya kuchekwa. Nikazidi kumvisha kilemba cha ukoka.

Sasa ngoja nikupe ukweli wa goti, maana tuliobaki kuujua ni wawili tu, mimi na baba.

Sikuruka. Nilianguka dakika ya tatu, tukafungwa vibaya. Daktari alisema ningeletwa jana yake ningepona. Jana yake baba alikataa hospitali. Alisema anayekimbilia daktari kabla ya kuomba ana imani haba. Mwaka ule ule tukahama mji, na huku hakuna aliyeiona ile mechi. Ushuhuda ukazaliwa.

Mimi nikanyamaza. Utamkatizaje baba yako mbele ya kanisa zima? Nasuka watu huku nimeegemea mguu mmoja, na wakiniuliza nasema nilianguka bafuni.

Siku ya kumi ilikuwa Jumamosi, saluni imefurika. Mteja wangu mmoja, mwalimu wa chekechea, yuko chini ya draya na simu yake. Unajua mtu akiwa chini ya draya hajisikii, anaongea kama anamwita jirani ng'ambo ya barabara.

"Jamani! Kuna mtu anajiita Kocha Mstaafu, kaichana ile filamu ya mdogo wako! Nisome?"

"Soma!" saluni nzima.

"Achana naye huyo," nikasema. Wapi! Hakunisikia.

Akasoma kwa sauti ya darasani:

"'Filamu hii inachekesha vizuri na inadanganya vizuri. Goti lile halikupona. Kocha alilifunga kwa kitambaa cha madhabahu, akamwambia binti mmoja kwamba maumivu ni shaka tu. Na mechi walifungwa. Nyinyi wachambuzi mmelalamikia vichekesho. Hakuna hata mmoja aliyeuliza binti yule anatembeaje leo.'"

Kitana kikaniponyoka.

Kwenye filamu goti linafungwa bendeji. Kitambaa cha madhabahu hakimo, na kwenye ushuhuda hakijawahi kutajwa. Kilikuwa chumbani kwetu, siku ile, mbele ya watu wawili.

Nikatoka na aproni yangu mpaka kwa kinyozi wa mlango wa pili. Yeye humfuata baba nyumbani kila Alhamisi kumnyoa.

"Ni wewe umeandika?"

"Dada, mimi nilichapa tu. Mzee alisema andika, nikaandika." Akainamisha macho. "Na magazeti nilimsomea yote. Alisema wewe unaruka mistari."

Nilimkuta baba kwenye kiti chake.

"Ulijua nakudanganya?"

"Tangu siku ya kwanza. Wachambuzi wote wamsifu mtu mmoja? Hata Mungu hajapata bahati hiyo."

"Sasa goti ulikuwa unaniuliza la nini?"

Akageuka kutoka dirishani, akanielekea.

"Nilingoja useme si kweli. Ungeanza wewe, mama, mimi ningemalizia."

Yaani nianze mimi! Miaka ishirini na mitano, na aliyeumizwa ndiye afungue mlango.

"Umeandika 'binti mmoja', baba. Mimi ni binti mmoja?"

"Kukutaja niliona aibu."

Simu ikaita. Mdogo wangu, anapiga vigelegele kabisa.

"Dada! Huyo Kocha Mstaafu katuokoa! Watu wanabishana mtandao mzima, tiketi za leo zimekwisha! Mwambie baba!"

Nilikuwa nimeweka spika. Baba alisikia kila neno. Akafumba macho, na neno "samahani" halikutoka. Mpaka leo halijatoka. Mdogo wangu akipita hapa nilipoandika akasoma, basi, ndipo ajue.

Ninachokuachia ni hiki. Kama umemkosea mtu wa nyumbani kwako, usianze kwa kuutangazia umma. Vuta kiti, kaa mbele yake, mwite kwa jina, useme. Ukiwapa kwanza wasiokujua, watakupigia makofi, na uliyemuumiza atayapokea majuto yako kama umbea wa mtu mwingine.